Rangi na Jirani Yake: Mafunzo kwa Mafundi wa Ukambani

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, niliitwa kuamua shauri katika soko moja dogo kusini ya Wote, katika Kaunti ya Makueni. Sikuitwa kwa kuwa mimi ni hakimu, la. Mimi ni karani tu. Lakini kwetu mtu mwenye kalamu mfukoni hudhaniwa kuwa ajua kila jambo, na siku hiyo palikuwa na hati ya malipo iliyobishaniwa.

Mzee mmoja mwenye duka alikuwa amempa fundi kijana kazi ya kupaka rangi kuta za nje za duka lake. Walipatana rangi ya kijivu, na mzee mwenyewe ndiye aliyeichagua kwa kidole chake katika duka la vifaa vya ujenzi. Kazi ilipokwisha, mzee alivuka barabara, akasimama, akatazama, kisha akakataa kulipa salio.

"Kijana," akasema, "mimi nilikuambia kijivu. Hiki ulichonipakia ni kijani."

Fundi akajibu kwa heshima, "Mzee wangu, rangi ni ile ile uliyoichagua. Mkebe huu hapa, na kifuniko chake hiki hapa."

Mzee akasema kwamba mkebe waweza kuwa wa kweli, na rangi iliyomo ikawa imechanganywa na nyingine ili kubana matumizi. Neno hilo lilimchoma sana fundi, maana fundi akiitwa mwizi mara moja sokoni, kazi huenda kwa wengine. Tena salio lile alikuwa amekwisha kuliahidi kwa karo ya mdogo wake. Watu walikusanyika; nusu wakasema ni kijivu, nusu wakasema ni kijani. Nami nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilipovuka barabara na kutazama, niliona kijani.

Basi nani alikuwa mwongo? Jibu ni kwamba hapakuwa na mwongo. Lakini ili tulielewe jambo hilo, hapana budi tujifunze kwanza kidogo habari za rangi zenyewe. Elimu hii yawafaa mafundi wa nyumba, waandishi wa vibao vya maduka, akina mama wasukao vyondo, na pia mtu ye yote atakaye kununua mkebe mmoja wa rangi bila ya kupoteza fedha yake.

MAJINA YA RANGI

Lugha yetu ya Kiswahili yenyewe yatufundisha jambo. Sifa za rangi zilizo za asili, zinazofuata ngeli za majina, ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema nguo nyeupe, kitabu cheusi, udongo mwekundu. Nyingine zote zimeitwa kwa vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu la mekoni. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi. Kahawia ni kahawa. Samawati ni mbingu. Zambarau na machungwa ni matunda. Na ile nyekundu iliyokolea sana huitwa damu ya mzee. Waliotutangulia hawakuitaja rangi kama kitu kielea hewani peke yake. Waliitaja pamoja na kitu chake. Msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

RANGI TATU NA WATOTO WAO

Mwaka 1666 Mwingereza aitwaye Isaac Newton alianza kupitisha mwanga wa jua katika kioo chenye pembe tatu, ndani ya chumba chenye giza. Mwanga mweupe ukapasuka, ukatoka rangi zote za upinde wa mvua. Katika kitabu chake cha mwaka 1704 alizipanga rangi hizo katika duara, na tangu hapo wachoraji wamelitumia duara la rangi kama vile msafiri atumiavyo ramani.

Baada yake mchapaji mmoja aliyezaliwa Frankfurt, jina lake Jacob Christoph Le Blon, alionyesha jambo la faida kubwa kwa mfuko wa fundi. Katika kitabu alichokitoa London yapata mwaka 1725 alieleza kwamba mtu aweza kuchapa picha za rangi nyingi kwa kutumia rangi tatu tu: nyekundu, manjano na buluu. Hizo tatu ndizo mama. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya machungwa. Manjano na buluu huzaa kijani. Buluu na nyekundu huzaa zambarau.

Mkulima wa Makueni anayo duara hilo shambani mwake. Na atazame embe moja linapoiva mtini: huanza kijani, likafuata manjano, kisha machungwa, na katika aina nyingine shavu lake huwa jekundu. Embe halikuruka hata hatua moja. Limefuata duara kama mtu afuataye njia.

Wachapaji wa magazeti hutumia kanuni ile ile mpaka leo, ila rangi zao tatu zimechaguliwa kwa usahihi zaidi: buluu iliyo karibu na kijani, nyekundu iliyo karibu na zambarau, na manjano, kisha huongeza wino mweusi. Chukua kioo cha kukuzia, utazame picha ya rangi gazetini. Utaona vitone vidogo vidogo vya rangi hizo nne, wala hutaona nyingine.

KWA NINI MCHANGANYIKO HUWA TOPE

Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni niliwahi kudhani kwamba, kama rangi mbili huzaa rangi nzuri, rangi sita zitazaa iliyo nzuri zaidi. Nilizitia zote katika sahani moja, nikapata kitu mfano wa maji ya bwawa baada ya ng'ombe kunywa. Mwalimu hakunichapa, alinipa sahani nyingine, akaniambia nianze na mbili.

Sababu yake ni hii. Rangi ya mkebe haitoi mwanga, humeza mwanga. Jua likiupiga ukuta wa manjano, ukuta humeza sehemu ya buluu na zambarau, ukarudisha sehemu iliyobaki. Ukuta wa buluu nao humeza nyekundu na machungwa. Ukichanganya rangi hizo mbili, kila moja huendelea kula chakula chake, na sehemu inayosalimika ni kijani peke yake. Ndiyo maana twaona kijani. Basi kila rangi unayoongeza ni mlaji mwingine anayeketi penye sahani moja. Walaji wakizidi, hakibaki kitu, na jicho huona tope.

Mwanga wenyewe ni kinyume. Ukielekeza taa nyekundu na taa ya kijani mahali pamoja, mwanga huongezeka, ukaonekana manjano. Kioo cha simu na cha televisheni hufanya kazi kwa njia hiyo. Kwa hiyo fundi asishangae akichagua rangi katika simu, kisha ikawa nyingine katika mkebe. Mmoja hutoa mwanga na mwingine humeza.

Kutokana na hayo zatoka kanuni chache za kazi. Kwanza, usichanganye zaidi ya rangi mbili au tatu kwa mara moja. Pili, anza na rangi nyepesi, kisha utie ile iliyokolea kidogo kidogo, maana tone moja la buluu hubadili kikombe kizima cha manjano, lakini tone la manjano halifanyi neno katika kikombe cha buluu. Haba na haba hujaza kibaba. Tatu, usikimbilie nyeusi utakapo kuikoza rangi. Manjano ikitiwa nyeusi hugeuka kuwa kijani cha zeituni. Afadhali utie kahawia. Nne, ukiona rangi inapiga kelele mno, itulize kwa tone la rangi inayoikabili katika duara: nyekundu kwa kijani, buluu kwa machungwa, manjano kwa zambarau.

HERUFI ZINAZOCHEZA

Kila rangi ina mambo matatu. Lipo jina lake, kama nyekundu au buluu. Upo ukali wake, kwamba ni safi au imefifia. Na upo mwangaza wake, yaani iko karibu na weupe au karibu na weusi. Mafundi wengi huliangalia jina peke yake, na hapo ndipo vibao vingi hupotea.

Kando ya barabara nimeona kibao chenye herufi nyekundu juu ya kijani. Majina ya rangi hizo yako mbali sana, lakini mwangaza wao ulikuwa sawa. Matokeo yake ni kwamba herufi zatetemeka machoni, na mpita njia aliye ndani ya gari hawezi kuzisoma. Tena miongoni mwa wanaume, kuliko wanawake, wako wachache waliozaliwa hawawezi kutofautisha nyekundu na kijani. Kwao kibao hicho ni ubao mtupu. Mwenye duka amelipa ili ajulikane, naye hajulikani.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kuandika, paka vipande viwili vya rangi zako, simama mbali, kisha finya macho mpaka karibu kuyafumba. Rangi zikiungana kuwa kitu kimoja, zibadili. Zikibaki mbalimbali, andika. Nyeusi juu ya manjano husomeka kutoka mbali, na vivyo hivyo nyeupe juu ya buluu iliyokolea.

Mfano mwema unapepea katika kila ofisi ya chifu. Bendera ya Kenya, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963, ina nyeusi, nyekundu na kijani. Lakini mlia mwekundu haugusani na mlia mweusi, wala haugusani na mlia wa kijani. Kati yao umepita mstari mwembamba mweupe. Twafundishwa kwamba weupe huo ni amani, na ni kweli. Kwa macho ya fundi, mstari huo wafanya amani kati ya rangi zenyewe pia, maana kila moja yasimama mahali pake bila ya kumsumbua jirani. Mwandishi wa vibao aweza kuiga: akilazimishwa na mwenye duka kuandika nyekundu juu ya kijani, na azungushie herufi ukingo mweupe.

MALALAMIKO YA PARIS

Sasa twafika kwenye kiini cha shauri letu. Mwaka 1824 mtaalamu wa kemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, aliwekwa kuwa mkuu wa kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris. Alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa kuchunguza mafuta yatumikayo katika sabuni na mishumaa. Huko kiwandani aliletewa malalamiko: nyuzi nyeusi zilikuwa dhaifu, ati hazikukolea, hasa zilipotumiwa kutia vivuli katika nguo za buluu na za zambarau.

Chevreul alizilinganisha nyuzi hizo na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, asione upungufu wo wote. Ndipo akatambua kwamba kosa halikuwa katika chungu cha rangi. Lilikuwa katika ujirani. Rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja humsukuma mwenzake kuelekea upande wa pili wa duara. Nyeusi ikikaa karibu na buluu hupakwa na jicho wekundu hafifu wa machungwa, ikaonekana imechakaa. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya kanuni hiyo, na wachoraji wa Ulaya wakakisoma sana. Aliishi miaka 102, akafa mwaka 1889.

Akina mama wa Kitui na Makueni wasukao vyondo waijua kanuni hii kwa mikono, hata kama hawakuisoma kitabuni. Uzi wa katani uliotiwa rangi ya kahawia ukisukwa karibu na weupe huonekana umekolea. Uzi ule ule ukisukwa karibu na weusi huonekana mwepesi. Msukaji mzuri hauchagui uzi ukiwa peke yake mkononi. Huulaza juu ya kiondo, karibu na mstari uliotangulia, ndipo akaamua. Fundi wa kuta na ajifunze kwake.

SHAURI LAMALIZIKA

Basi turudi sokoni. Lile duka limesimama juu ya udongo mwekundu wa Makueni, ambao wekundu wake ni kutu ya chuma iliyomo ardhini. Juu yake mna mabati yaliyopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ambayo ni ndugu wa udongo ule ule. Pembeni pana ukuta wa matofali ya kuchomwa. Kijivu kile cha mzee kilikuwa kimezungukwa na nyekundu chini, juu na kando. Na nyekundu humsukuma jirani yake kwenda wapi? Kwenye kijani.

Nilichukua karatasi nyeupe ya ofisi, nikaitoboa matundu mawili kwa mashine ya kutobolea mafaili. Nikamwomba fundi aegemeze kifuniko cha mkebe ukutani. Kisha nikamwomba mzee atazame kwa jicho moja, tundu moja likielekea ukuta na jingine likielekea rangi iliyokauka kifunikoni, hata asione udongo wala mabati.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Akaondoa karatasi, akaona kijani. Akairudisha, akaona kijivu. Akafanya hivyo mara tatu.

"Ni moja," akasema. "Kijana, ni moja." Kisha akamwomba radhi mbele ya watu, nami nasema kwamba jambo hilo lilihitaji uhodari zaidi kuliko kulipa fedha.

Lakini mzee hakuridhika, naye alikuwa na haki. Alisema, "Wateja wangu hawatatembea na karatasi zenye matundu. Wao wataona kijani." Fundi akafikiri, akachota rangi iliyobaki, akatia nyekundu kidogo kwa kijiko, akakoroga, akapaka kipande cha ukuta karibu na mlango, tukangoja kikauke. Ndani ya mkebe rangi ile ilionekana ina wekundu, na mtu angesema imeharibika. Ukutani, kati ya udongo na mabati, ilionekana kijivu kama majivu ya asubuhi. Mzee alilipa salio lote, akanunua na mkebe wa pili.

KUJIFUNZA KUTAZAMA

Wako watu wadhanio kwamba elimu ya rangi ni ya wenye vyuo na vifaa vya bei kubwa. Sivyo. Kivuthi Mbuno alizaliwa Mwingi, upande wa Kitui, mwaka 1947. Alifanya kazi ya upishi katika safari za porini, na katika miaka ya 1970 akaanza kuchora watu na wanyama kwa kalamu za rangi na kalamu za nta, vifaa ambavyo mtoto wa shule huvijua. Picha zake zimeonyeshwa hata Ulaya. Alichokuwa nacho zaidi ya wengine ni jicho lililozoea kutazama.

Nasi tunayo shule ya kutazama iliyo wazi mchana kutwa. Asubuhi simama Kibwezi au Makindu, utazame vilima vya Chyulu. Twajua kwamba vimefunikwa na nyasi na misitu, lakini kwa mbali huonekana buluu, kwa sababu hewa iliyo katikati hutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine. Mchoraji akivipaka kijani kama nyasi iliyo miguuni pake, atavileta vilima mlangoni mwa nyumba. Saa sita utazame kivuli cha mgunga juu ya udongo: si cheusi, ni chekundu kilichokoza. Jioni utazame ukuta mweupe jua linapotua: si mweupe tena, una rangi ya machungwa. Kwa hiyo mwenye nyumba asichague rangi ndani ya duka, chini ya taa. Na apake kipande kidogo katika ukuta ule ule, akiache kikauke, akitazame asubuhi, mchana na jioni, ndipo anunue mikebe iliyobaki.

Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sisi watu wa Ukambani tunaopanda mbaazi kila mwaka twaifahamu methali hiyo vyema. Fundi asisingizie mkebe, na mwenye duka asimsingizie fundi, kabla ya kutazama ni nani amekaa jirani. Duka lile lingali limesimama, kijivu juu ya udongo mwekundu, na kijana yule hupata kazi katika soko zima. Kila anapokwenda huchukua mfukoni kipande cha karatasi nyeupe chenye matundu mawili.